Kukwama kwa Makusudi

"Baada ya mita mia mbili, tafadhali rudi ulikotoka," Dira ya gari ikaniambia, kwa ile sauti yake ya upole ya mtu ambaye hajawahi kubadilisha tairi maishani mwake.

"Sirudi," nikasema.

"Nimekuelewa. Tafadhali rudi ulikotoka."

Nikapiga usukani kwa kiganja. Sisi Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi, na wanaosema hawajakosea. Siku hiyo niliapa kwamba nikistaafu nitaitafuta mahakama yoyote inayokubali kusikiliza shauri la mtu dhidi ya mashine, na nitashinda.

"Dada Nakijwa, usibishane nayo," akasema Sista Mhoja, mkunga niliyekuwa naye. "Unaipa kichwa."

"Nisibishane! Tumeondoka Orkiria watu hawajanywa chai, na sasa jua liko utosini!"

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Ukipanda juu ya tangi la maji la hospitali yetu ya Orkiria, unakiona kijiji cha Engarami kwa macho yako, ng'ambo ya mbuga, mabati yake yakimeta. Kulikuwa na mama kule ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Gari la wagonjwa lilikuwa jipya, betri imejaa, kiangazi kimekausha hadi miiba. Lakini Dira ilikataa katakata kutupitisha mbugani, ikatuzungusha mlima mzima. Tulipanda makorongo ambayo hata mbuzi angeyafikiria mara mbili. Tuliuvuka mto mmoja, tukapinda, tukauvuka tena ule ule. Na kila nilipojaribu kukata kona, mtu yule mpole akanirudisha kwenye mawe.

Sheria ndiyo inayotufunga. Gari lolote likiacha lami lazima Dira iwe imewashwa na ndiyo iongoze, isipokuwa unataka likuzimikie porini. Sheria hiyo ilipitishwa baada ya mafuriko yaliyomeza msafara mzima wa mabasi, na nakumbuka ilipopita mimi mwenyewe nilipiga makofi. Kwa kuwa sisi ni gari la wagonjwa, ninao ufunguo wa kushika usukani mwenyewe na kwenda nitakako. Hata hivyo Dira hailali. Inasikiliza magurudumu.

Maana humu garini Dira haina macho. Ndani ya kila tairi mna kidude kinachopima limezama kiasi gani, limeteleza wapi, limetikisika vipi. Kinachojulikana na gari moja kinajulikana na magari yote papo hapo, nchi nzima. Ukipita salama kilometa mbili mfululizo, kwenye kioo cha ramani mstari wa kijani unazaliwa nyuma yako, na muda si mrefu utakuta wenzako wote wanapita hapo hapo. Ukikwama, pale panapakwa rangi nyekundu. Na mahali ambapo hakuna gari lililowahi kupita, Dira inakisia: inatazama rangi ya udongo kutoka angani, inatafuta udongo unaofanana nao, inaamua. Uongo wa mdomo haiujui. Inachoamini ni gurudumu tu.

Na kati ya Orkiria na Engarami kioo kilikuwa chekundu chote, mbuga nzima pamoja na barabara ya zamani, na hata mwenye ufunguo haingii kwenye nyekundu asiyoijua.

*

Kwenye lango la boma la miiba alikuwa amesimama bibi mmoja mrefu, shuka ya bluu, mikono imekunjwa.

"Takwenya, Koko," nikamwamkia, kama wanavyoamkiwa bibi wa Kimaasai.

"Iko," akaitikia. "Mmechelewa."

"Tumechelewa?" Nilishuka nikibamiza mlango. "Koko, hiyo safari usiniulize!"

Jina lake Nolari. Mwenye uchungu alikuwa mkwe wake, Nemayian, mke wa mwanawe aliyekwenda mbali pamoja na ng'ombe wakubwa kutafuta maji. Mhoja akaingia ndani na mkoba wake. Mimi nikabaki nje nazunguka gari, napiga teke tairi moja baada ya jingine. Nolari ananitazama tu.

"Koko, ile mbuga ina tope?"

"Haina."

"Ina mashimo?"

"Haina. Ni ngumu, unaweza kuchezea mpira."

"Sasa mbona nyekundu?"

Akaangalia pembeni. Halafu akasema, bila aibu hata kidogo, "Tumekwama sana pale."

Nikamwomba anieleze polepole, maana nilihisi kichwa kinaanza kuuma.

Ile mbuga, akasema, ni olopololi, malisho ya ndama. Ng'ombe mkubwa haruhusiwi kukanyaga pale, wala gari. Kiangazi kikikaza na nyasi zikiisha kila mahali, ndama na wanyama wagonjwa wanaishi kwa olopololi, na wenye kuwalinda ndama ni akina mama. Mwaka huo kamati yao ilikuwa chini yake yeye. Ukiiacha ipitwe, gamba la juu la udongo linavunjika, upepo unaondoka nalo, na nyasi hazirudi ukiwa hai. Ng'ambo ya mlima kuna mgodi. Malori ya mgodi huo hupita usiku na mchana kwenye yale yale makorongo yaliyotuvunja migongo sisi, na madereva wake wanaililia njia ya mkato kama mtoto anavyolilia ziwa. Siku Dira itakapojua kwamba mbuga ni ngumu, malori yote yatageuza pua.

Basi wakaifundisha Dira uongo kwa gurudumu, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha inayoielewa. Gari lolote lililofika Engarami, la harusi, la msiba, la mgombea udiwani, halikuruhusiwa kuondoka kabla ya kulipa tope. Dereva anapelekwa ukingoni mwa mbuga, akina mama wanamwaga maji ya kunyweshea ndama chini ya tairi, anakanyaga mpaka gurudumu linazunguka bure na moshi unatoka. Wanamsukuma kwa nyimbo, wanamrudisha bomani, anapewa chai ya maziwa. Miaka mitatu. Diwani mwenyewe alikwama mara mbili kwa siku moja, na akapigiwa vigelegele.

"Ni akili," akasema Nolari.

"Ni akili!" nikadakia. "Koko, na barabara yenu je? Ile ya kwenda hospitali?"

Hapo akapunguza sauti. Barabara yao ya zamani ilikuwa ya udongo ule ule wa kijivu. Ilipofutika kidogo baada ya mvua, na magari yakapungua, Dira ikalinganisha rangi, ikasema hapa nako watu watakwama, ikaipaka nyekundu. Walikuwa wamejifungia ndani na ufunguo wakautupa wenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kuzungushwa mlima ule na gari la wagonjwa.

Nilikuwa bado natafuta neno la kumwambia mama mtu mzima bila kumvunjia heshima, Mhoja akatoka. Uso wake ulinitosha.

"Mkono umetangulia," akasema. "Mtoto amelala kwa kukingama. Hapa siwezi kitu, anahitaji kisu. Tukizunguka tena mlima ule, tutafika na maiti wawili."

"Na tukikata mbuga?"

"Saa moja? Kwa saa moja nitapambana."

Sote wawili tukamgeukia Nolari. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Gari langu, ufunguo wangu. Lakini nilimgeukia. Aliangalia kule mbugani, ambako ndama walikuwa wanaonekana kwa mbali, vidoa vyeupe na vyekundu. Halafu akaingia kwenye nyumba ya jirani, akatoka na dumu la maji, akalipandisha nyuma ya gari.

"Tutapita," akasema. "Lakini tutakwama."

*

Kilometa mbili mfululizo, nimeshasema. Kwa hiyo tukitaka mbuga ibaki nyekundu, ilibidi tukwame kabla ya kila kilometa mbili kutimia. Mbuga yenyewe ni kama kilometa ishirini. Mhoja aliposikia mpango huo alinitazama kana kwamba nimelewa.

"Mtu anakufa humu, nyie mnataka kucheza na gari?"

"Mara moja tu tuone," nikasema.

Ule mwendo ulikuwa mtamu, nisiseme uongo. Baada ya yale mawe, gari liliteleza juu ya nyasi kavu hata dripu ya Nemayian haikuyumba. Nilikuwa nimeshika usukani mwenyewe, na Dira ilikuwa inaomboleza.

"Umeacha njia iliyopendekezwa. Eneo hili ni hatari. Kumbuka, haraka haraka haina baraka."

"Mwambie anyamaze!" Mhoja akapiga kelele kutoka nyuma.

"Hanyamazi huyu, Sista. Kwani mimi namlipa mshahara?"

Nolari akanigusa bega. Nikasimama. Akashuka na dumu lake, akamwaga maji chini ya tairi la nyuma, akarudi kukaa kando yangu. Nikakanyaga. Gurudumu likazunguka, likachimba, gari likatikisika kutoka mbele hadi nyuma, na Nemayian akatoa sauti ambayo sitaki kuielezea.

"Pole sana," ikasema Dira. "Nimegundua kwamba umekwama. Je, nikuitie msaada?"

"Hapana!"

"Msaada wa karibu uko umbali wa saa sita. Je, nikuitie msaada?"

Nikarudi nyuma, nikachomoka, nikaondoka. Kwenye kioo, nyuma yetu, palikuwa pekundu vilevile. Nolari akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Tulifanya tena. Mara ya pili gurudumu lilishika upesi mno, Dira haikusadiki, ikabidi nichimbe upya. Mara ya tatu maji yalimwagikia pembeni, Nolari akalaani kwa Kimaasai, na mimi nikalaani kwa Kipare, na Dira ikatupa pole sote kwa Kiswahili fasaha. Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nitoe machozi. Siku hiyo nilikuwa nimejaa hasira, na sikujua nimkasirikie nani: bibi na dumu lake, au mashine, au aliyetunga sheria, au mimi niliyeipigia makofi.

Tulipokaribia ya nne, Mhoja akapenyeza kichwa kwenye kidirisha cha nyuma. Alikuwa amelowa jasho.

"Dada Nakijwa, sikiliza. Mapigo ya mtoto yanashuka. Mama naye analegea. Kila mkitikisa gari mfuko wa uzazi unazidi kukaza, na ukichanika humu ndani sina la kufanya ila kusali. Hiyo moja mkikwama, mimi nitakuwa nimemaliza kazi yangu."

Niliondoa mguu kwenye kanyagio. Gari likapungua mwendo lenyewe. Kioo kilionyesha mita mia nne kabla kilometa mbili hazijatimia.

Niseme nilivyofikiri, maana watu huniuliza. Nilifikiri kuhusu ndama. Si wangu, sinywi hata maziwa yao, lakini niliwaona kule bomani wanawake wote waliosimama kutuaga bila kupunga mkono. Kijiji kizima kilikuwa kimejificha nyuma ya uongo ule, na kiangazi kilikuwa bado kirefu. Nikipita bila kukwama, ninamwokoa mmoja na mtoto wake, halafu ninawafungulia malori watu ambao hawajafanya kosa lolote zaidi ya kutaka kuishi. Nikikwama, ninamuua mtu ambaye ninasikia anavyohema. Nani aliniweka mimi kwenye kiti hicho? Mimi ni dereva!

"Kwama."

Ilikuwa sauti ya Nemayian. Sikujua kwamba anasikia.

"Kwama, mama dereva," akasema tena, akivuta pumzi kati ya neno na neno. "Tukifika ng'ambo huko malori... ndama wangu wamo. Watoto wangu wawili wanakunywa nini? Kwama."

"Nyamaza, usijichoshe," Mhoja akamwambia.

"Yeyo," Nemayian akamwita mkwewe, mama. "Mwambie akwame."

Nolari alikuwa ameshika dumu mapajani kwa mikono miwili. Alikuwa anatazama mbele, hakugeuka.

"Mita mia mbili," nikasema. "Koko?"

Akazidi kulikumbatia dumu.

"Koko, nasimama au sisimami? Sema, kwa jina la Mungu, maana mimi nimeshindwa!"

"Nyoosha," akasema Nolari.

"Yeyo!"

"Nimesema nyoosha!" Alimkaripia kwa sauti kubwa ambayo sikuitegemea kwa mtu wa umri wake. "Ndama wanazaliwa kila mwaka. Kanyaga, mama dereva, unangoja nini?"

Nikakanyaga mpaka mwisho. Mbele yetu nyasi zilikuwa zinalala na kuinuka. Kwenye kioo, taratibu, mstari mwembamba wa kijani ukachomoza nyuma ya gari, ukaanza kutufuata, na udongo wote wa rangi ile ukaanza kupoteza wekundu. Nilitaka kuupasua kioo kile. Nilikuwa nalia kwa hasira, machozi yananiziba macho, na Dira, ambayo siku nzima ilikuwa inaniombea mabaya, ikabadilika sauti.

"Hongera," ikasema. "Hali ya njia ni nzuri sana. Endelea moja kwa moja."

Hatukuwa hata tumetoka mbugani tukaliona vumbi kule mbele. Lori la kwanza la mgodi lilikuwa limeshageuza pua, na nyuma yake la pili. Dereva wa kwanza alipotupita alinipungia mkono kwa furaha, kama mtu anayemshukuru jirani. Nolari alimfuata kwa macho mpaka shingo ikakomea.

*

Walimpasua Nemayian jua likiwa bado juu. Mhoja akatoka akatuambia ni mtoto wa kike, mkono umevimba lakini unacheza, na mama yake ameshaanza kuuliza nani anakamua. Nilimkumbatia Mhoja hadi akalalamika mbavu. Nolari akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini, akaomba maji, akanywa yote.

Tulikuwa tumekaa kwenye gari, milango wazi, tunapunga upepo, Dira ilipozungumza tena.

"Ndugu dereva, asante kwa kufungua njia mpya. Kwa kuwa safari hii ilikuwa ya mgonjwa, njia imepewa jina la mgonjwa: Njia ya Nemayian. Unaweza kubadilisha jina hili kabla halijatangazwa kwa watumiaji wote. Je, unakubali?"

Sikuwa hata nimefungua mdomo, Nolari akanishika mkono.

"Inasemaje hiyo?"

"Inataka kuipa njia jina la mkweo. Kila lori litakalopita litaambiwa: ingia Njia ya Nemayian."

Tulitazamana. Engarami watalisikia jina lile mchana na usiku, nyasi zikiisha. Watalisikia kisimani. Binti aliyezaliwa leo atalisikia akianza kuelewa maneno.

"Andika langu," akasema Nolari.

"Koko, hapana. Nitaandika langu. Nilishika usukani mimi, mguu ulikuwa wangu."

"Wewe unakaa wapi?"

"Hapa Orkiria."

"Basi jina lako kule litakuwa neno tu. Watu watatukana hewa." Akatikisa kichwa. "Ndama nilipewa mimi niwalinde. Wakija kuuliza nani alifungua, awepo wa kuulizwa. Wamkute amekaa nyumbani kwake, wamuulize."

"Watakuuliza vibaya, Koko."

"Najua. Nimewauliza wenzangu vibaya kwa mambo madogo zaidi ya hili."

Nilibishana naye. Mimi ambaye nimebishana na mashine kutwa nzima, nilibishana naye kwa kila neno nililonalo, nikamwambia ni ukaidi, nikamwambia nimemzidi kesi. Hakupandisha sauti tena. Alikuwa anarudia tu jina lake, silabi kwa silabi, ili nisikosee. Mwisho nikaliandika.

"Asante," ikasema Dira. "Njia ya Nolari sasa imetangazwa kwa watumiaji wote."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta shuka yake begani.

"Sasa nirudishe nyumbani."

"Nikuzungushe mlimani?" Sijui kwa nini nilimuuliza. Labda nilidhani hatataka kuyaona malori.

"Mlimani kufanya nini? Pita hapo hapo, ndiko karibu. Ndama bado wamo ndani, na Dira ya malori yale haina macho ya kuwaona. Nikiwahi nitawatoa kabla giza halijaingia."

Nikawasha gari. Tulipofika mwisho wa lami nilitia mkono kutaka kuizima sauti, nikakumbuka kwamba haizimiki.

"Geuka kulia," ikasema, kwa upole wake ule ule. "Ingia Njia ya Nolari. Njia ni nzuri."

"Haya, umesikia," akasema Nolari, akafunga mkanda. "Twende."